Ile Damu Mliipeleka Wapi?

Maneno ya mtaalamu mstaafu wa maabara mbele ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo cha afya, mkoani Pwani

Marahaba, wanangu, marahaba. Kaeni. Mkuu wa chuo, walimu, na nyinyi wazazi mliotandika mikeka chini ya mwembe kwa sababu ukumbi umejaa, asanteni kwa kunipokea.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie "mchango wa tafiti za wanyama na tafiti za kitabibu katika maendeleo ya afya". Niliisoma mara mbili, nikaikunja, nikaitia kwenye pochi. Nimefanya kazi maabara miaka 31, na kichwa cha habari kirefu namna ile kinanikumbusha ripoti za robo mwaka. Mtaniwia radhi. Mimi nitazungumzia swali moja nililoulizwa na mama mmoja mlangoni kwake, enzi hizo nikiwa bado kijana na najiona najua. Aliniuliza: "Ile damu mliipeleka wapi?"

Huyo mama nitamrudia. Kwanza panya.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa hadubini. Nilikabidhiwa ufunguo wa nyumba ya wanyama: chumba kimoja cha matofali, madirisha ya wavu, na harufu ya mkojo wa panya ambayo ikishaingia kwenye khanga unaifua mara tatu na bado ipo. Panya weupe, watano watano kwenye boksi, maranda chini, chupa ya maji imepinduliwa juu. Pembeni sungura wawili wa kulishia mbu. Nyumbani nikiulizwa nafanya kazi gani nasema "maabara", basi. Bibi yangu, ambaye maisha yake yote alikuwa kwenye vita na panya wa ghalani, alipoujua ukweli alicheka mpaka akakohoa. Kumbe mjukuu wangu analipwa mshahara kuwafuga!

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unamchoma panya sindano yenye vimelea vya malaria. Si malaria hii yetu, maana falsiparamu, kimelea wetu sisi watu, haimshiki panya. Yeye ana yake. Siku ya tatu unachukua tone moja kwenye ncha ya mkia, unalipaka kwenye slaidi, unatia rangi ya Giemsa, unahesabu. Siku ya tano manyoya yanasimama na mgongo unapinda, kama mzee aliyekaa jua la asubuhi na bado anasikia baridi. Siku ya sita au ya saba, wengine wanaanguka ubavu na kurusha miguu.

Mara ya kwanza nilipoona vile nilitoka nje. Ile ilikuwa degedege. Nilikuwa nimeiona kwa mdogo wangu wa mwisho, na sikutegemea kuikuta kwenye boksi la maranda.

Mkuu wangu alinifuata uani. Hakunibembeleza. Aliniambia: usingoje mpaka hapo. Panya akifika hatua fulani, jibu unalo tayari, na kumwacha aendelee hakukuongezei elimu, kunakuongezea ukatili tu. Tukabandika karatasi ukutani: manyoya, mkao, mwendo, joto la mwili. Kila boksi likaguliwe asubuhi na jioni, na panya akifikia alama tuliyokubaliana, tunamlaza. "Kumlaza" ndiyo lugha yetu ya maabara. Kwenye daftari andikeni kumuua, ndilo jina lake.

Waingereza wawili, Russell na Burch, waliliweka sawa jambo hili mwaka 1959. Ukiweza kutumia kisicho mnyama, kitumie. Ukilazimika kumtumia, wawe wachache. Na hao wachache wasiumie kupita inavyolazimu. Mtalikuta kwenye mitihani, lakini ngojeni niwaambie ambalo mtihani hauulizi. Uchache nao una mpaka. Nimeona mtu, kwa kubana fedha, anatumia panya watano pale ambapo hesabu ilidai 12. Jibu halikusomeka upande wowote. Panya watano wamekufa bure, na mwaka uliofuata ikabidi waanze upya na wengine.

Panya yule wa malaria ana historia, na historia yake ni ya huku kwetu. Mwaka 1948, huko Kisanga, Katanga, karibu na mji unaoitwa leo Lubumbashi, watafiti wawili wa Kibelgiji, Vincke na Lips, walikuta kimelea cha malaria kwenye damu ya panya wa vichakani. Wakakihamishia kwa panya weupe, kikashika. Jina lake Plasmodium berghei. Tangu hapo kimesafiri dunia nzima kwenye mitungi ya baridi kali, na hakuna chuo kikubwa cha malaria ambacho hakijawahi kukiona. Ndugu zetu wa Lubumbashi, wanaosema Kiswahili kama sisi kwa ladha yao, walistahili kukisikia kisa hiki shuleni.

Kikafika New York, mikononi mwa Ruth Nussenzweig. Mama huyu alizaliwa Austria, familia yake ikawakimbia Wanazi, akakulia Brazili na kusomea udaktari huko. Mwaka 1967 alitangaza jambo ambalo wengi hawakulitegemea. Alichukua sporozoiti, yaani vimelea vile mbu anavyovitema anapokuuma, akavipiga mionzi ya eksirei vikalemaa bila kufa, akawachoma panya. Baadaye akawachoma panya walewale vimelea vizima. Wengi wao hawakuugua. Chanjo mbili za malaria zinazotajwa leo redioni, ukizifuata nyuma hatua kwa hatua, njia inakurudisha kwenye maboksi yale ya panya.

Je, binadamu? Hapo anaingia David Clyde, daktari aliyefanya kazi ya malaria Tanganyika miaka mingi kabla ya kwenda Marekani. Miaka ya mwanzo ya 1970 alirudia jaribio lile kwa watu: mbu walioambukizwa wakapigwa mionzi, kisha wakaachwa wamuume mtu mara nyingi sana, kwa miezi. Baadhi ya watu wakakingwa. Sasa sikilizeni watu wenyewe walikuwa nani. Walikuwa wafungwa wa gereza moja la Maryland. Clyde alijitoa na yeye akaumwa na mbu hao, na kwa hilo namvulia kilemba. Lakini mtu aliyefungiwa ndani, ukimwomba ridhaa, ile ndiyo yake ina uzito gani? Tamko la Helsinki la kulinda watu wanaofanyiwa utafiti lilikuwapo tangu 1964. Matokeo ya Clyde ni ya kweli na tunayategemea mpaka leo. Mlango alioingilia usingefunguliwa leo, na vizuri usifunguliwe.

Hapa ndipo wanafunzi hunikatiza: mama, kama panya alionyesha njia mwaka 1967, mbona chanjo imekuja juzi?

Kwa sababu panya anakupa ruhusa ya kuuliza. Jibu hana.

Idete, bonde la Kilombero. Wangapi hapa wanatoka Morogoro? Haya, basi mnapajua. Mkolombia mmoja, Manuel Patarroyo, alitengeneza chanjo iliyoitwa SPf66. Aliijaribu kwa kima wadogo wa Amerika ya Kusini wanaotembea usiku, ikawakinga baadhi. Akaijaribu kwa watu wa nchi yake, matumaini yakapanda. Afrika, watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano waliingia kwenye utafiti pale Idete, na mwaka 1994 majibu yakatoka: malaria ilipungua kwa asilimia 31. Watu walishangilia, na nisiwadanganye, hata mimi. Kisha ikajaribiwa Gambia kwa watoto wadogo zaidi, ikaonyesha kinga ya asilimia 8, ambayo kihesabu huwezi kuitofautisha na sifuri. Thailand, hakuna kitu. Wakarudi Idete hiyohiyo na watoto wachanga, mwaka 1999 jibu likawa asilimia 2. Mwisho wa SPf66.

Kuna wanaoitaja Idete kwa aibu. Mimi naitaja kwa heshima. Wale wazazi waliiokoa dunia isichanje mamilioni ya watoto kwa kitu kisichofanya kazi. Kima hawakudanganya. Walijibu walichoulizwa, na hawakuulizwa habari za mtoto wa bondeni anayeumwa na mbu usiku kucha.

Kisa cha pili kinaniuma zaidi, maana ni cha degedege. Mwaka 1987 ilionekana kwamba ukimpa panya kingamwili ya kuzuia TNF, moja ya kemikali ambazo mwili humwaga wakati wa homa kali, malaria haimpandi ubongoni. Waliokuwa wanaona watoto wakifa wodini walisema tumepata. Ikafanyika Gambia, watoto 610 wenye malaria ya ubongo, nusu wakapewa kingamwili hiyo juu ya dawa ya kawaida. Mwaka 1996 majibu: vifo vilikuwa sawasawa. Na katika waliopona, waliobaki na ulemavu wa ubongo walikuwa wengi zaidi upande wa waliopewa. Panya akiugua ubongo, chembe nyeupe za damu ndizo zinazojazana kwenye mishipa midogo. Kwa mtoto, zaidi ni chembe nyekundu zenye vimelea zinazonata na kuziba. Degedege moja kwa macho, magonjwa mawili kwa hadubini. Mimi niliyetoka nje nikilia siku ile, nilidanganywa na macho yangu.

Na msidhani ni wanyama tu wanaotupoteza. Mazoea yanatupoteza zaidi. Nyinyi mnaosomea utabibu, hili ni lenu. Mtoto analetwa na homa kali, hajitambui vizuri, miguu ya baridi, mapigo hayashikiki. Vitabu vilisema: tafuta mshipa, mwagia maji ya dripu kwa haraka. Hakuna aliyethubutu kubisha. Mpaka watafiti, akiwemo Kathryn Maitland wa Kilifi, walipopima. Watoto 3,141, Kenya, Uganda na hapa kwetu, Muheza ikiwemo. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake mwaka 2011, kwa sababu waliomwagiwa maji kwa haraka walikuwa wanakufa zaidi: ndani ya saa 48, kati ya kila 100, walikufa 10 hadi 11. Wasiomwagiwa, 7. (Na mtu asitoke hapa akamnyima maji mtoto anayeharisha! Hao hawakuwemo kwenye utafiti ule, habari yao ni nyingine.)

Miaka ikapita, wenzetu wa Australia wakalipeleka swali lile kwa kondoo: wakawatia sumu ya bakteria mpaka presha ikashuka, wakawamwagia maji, na kondoo waliopewa maji wakahitaji dawa nyingi zaidi za kushikilia presha. Safari hii mtu ndiye aliyetangulia na mnyama akafuata, kueleza kwa nini. Mnaona kwamba njia haina upande mmoja.

Turudi kwenye chanjo. Lile koti la protini linalomfunika sporozoiti, lililogunduliwa kwa kumchunguza kimelea wa panya, likatafutwa mwenzake kwa kimelea wetu, kipande chake kikaunganishwa na protini ya virusi vya homa ya ini B. Ndiyo RTS,S. Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba katika watu saba wa Marekani waliochanjwa kwa mchanganyiko mmojawapo kisha wakaumwa na mbu wenye malaria, sita hawakuugua. Sita kwa saba! Mwaka 2009 utafiti mkubwa ukaanza: nchi 7, vituo 11, Bagamoyo na Korogwe vikiwemo, watoto 15,459. Wale wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi zote nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36 katika miaka kama minne. Vichanga, asilimia 26.

Kutoka sita kwa saba mpaka asilimia 36. Mtu wa haraka angesema imeshindwa. Mimi niliyelala wodi ya watoto msimu wa mvua najua theluthi moja ina maana gani kwenye vitanda vinavyolaliwa na watoto wawili wawili.

Kwenye utafiti ule kulionekana pia homa ya uti wa mgongo nyingi kidogo kwa waliochanjwa. Ilikuwa chanjo au bahati mbaya? Watoto 15,459, pamoja na wingi wao, hawakutosha kujibu. Ikabidi Malawi, Ghana na Kenya waanze kuitoa kwa majaribio mwaka 2019 huku kila kisa kikiandikwa. Ile hofu haikuthibitika, na vifo vya watoto wa umri ule vikapungua kwa asilimia 13. Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2021. Miaka miwili baadaye likapitisha ya pili, R21, iliyopimwa Burkina Faso, Mali, Kilifi na hapa Bagamoyo.

Kitu kimoja kidogo kuhusu tafiti hizi mbili, ambacho wenzangu waliokuwa huko hukisimulia. Watoto wa kundi la kulinganisha hawakuchomwa maji matupu. Wengi walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Anayekaa vijijini anajua thamani ya chanjo hiyo na bei yake. Mama akiuliza, "Mwanangu amepata ya malaria au ya mbwa?" jibu la kweli lilikuwa "sijui", maana hata daktari alikuwa hajui. Kulisema hilo "sijui" mbele ya mzazi bila kuangalia pembeni ni ujuzi, na sikumbuki kufundishwa darasani.

Sasa yule mama.

Pwani hii, mtu mwenye sindano, gari jeupe na sanduku la barafu ana jina lake tangu kabla hatujazaliwa. Mumiani, mnyonya damu za watu. Mnacheka, lakini mimi nimeitwa, na watoto wamenikimbia wakaingia uvunguni. Wenzangu walikuwa wanakasirika na kusema watu hawana elimu. Mimi nilianza kutembea na kijiko cha chai. Ukisema "mililita tano", mtu hajasikia kitu. Ukikijaza kijiko maji, ukamimina kwenye chupa yako mbele yake, mnaanza kuelewana.

Kijiko kilinisaidia kuichukua damu. Hakikunisaidia kuirudishia maneno.

Mradi mmoja, jina lake liachwe, ulikuwa unapima dawa mpya ya malaria kulinganisha na iliyozoeleka. Tulichukua damu ya mtoto wa yule mama mara tatu. Aliweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, shemeji yake akawa shahidi. Mradi ukaisha, ofisi ikafungwa, friji likachukuliwa na gari, sisi tukatawanyika. Baada ya miaka miwili nikarudi kijiji kilekile na mradi mwingine, nikapiga hodi. Hakunikaribisha kiti. Akauliza lile swali.

Nikamjibu, "Ilienda maabara, dada."

"Najua ilienda maabara. Ikasema nini?"

Wanangu, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimezihesabu slaidi zile kwa macho yangu na sikujua matokeo ya jumla yalikuwa nini. Nilirudi mjini nikauliza, nikaambiwa yalishachapishwa, kwa Kiingereza, kwenye jarida la nje. Nikaomba nakala. Nilikaa nayo na kamusi siku tatu za mapumziko, nikaandika ukurasa mmoja wa daftari kwa Kiswahili, nikapanda basi kwa nauli yangu, nikarudi.

Safari hii alinipa kigoda. Nikamsomea. Dawa mpya haikuishinda ile ya zamani kwa lolote. Alinyamaza, akachukua ungo wake akaendelea kupepeta mchele, akasema bila kuniangalia:

"Kumbe haikusaidia."

"Haikusaidia, dada."

"Basi mngekuja kusema. Sisi hapa tumekuwa tukiitafuta dukani miaka miwili. Tulidhani kama Wazungu wamekuja kuipima, ni nzuri. Shemeji yangu aliuza mbuzi."

Ukurasa ule wa daftari ninao bado, ndio huu. Wino umepauka. Tangu siku ile, kila mradi nilioingia nilikuwa nauliza kabla sijatia saini: pesa ya kurudi kijijini kuwasomea matokeo iko kwenye mstari gani wa bajeti? Miradi miwili iliniona msumbufu, ikaniacha. Mmoja uliongeza mstari.

Mkuu wa chuo ananionyesha saa. Na kuna binti pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipomtaja mumiani, mpaka umechoka, anaushikilia kwa ule mwingine. Simama, mwanangu. Uliza kwa sauti, na wale wa chini ya mwembe wasikie.